Shahidi wa pili: Willa Cather na Padri wa Taos

Mtu akitaka kutunga hadisi juu ya watu waliokuwako kweli, atafute nini kwanza? Tumejiuliza swali hilo tulipomaliza kusoma mara ya pili kitabu cha Willa Cather, mwandishi wa Marekani, kilichotoka mwaka 1927. Jina lake ni Death Comes for the Archbishop, ndiyo kusema: Kifo chamjia Askofu mkuu. Ni habari za askofu Mfaransa na padri rafiki yake, waliotumwa katikati ya karne ya 19 kwenda New Mexico, inchi kavu ya mpakani ambayo Marekani iliipata mwaka 1848 kwa kuwashinda Wameksiko vitani. Mwandishi hakuwa mkatoliki. Hata hivyo ni vitabu vichache vinavyomwonyesha padri juu ya nyumbu wake, mbali na wenzake, kwa heshima ya namna hii.

Tuanze na kazi aliyoifanya kabla ya kushika kalamu, maana hapo tuna la kujifunza. Cather hakuipata inchi ile katika vitabu. Aliizuru kwanza mwaka 1912, akarudi tena na tena. Alimjua padri mmoja Mbelgiji, Padri Haltermann wa Santa Cruz, ambaye alifuga kuku na kondoo, alilima bustani nzuri nyuma ya kanisa, na kuvizungukia vijiji 18 vya Wahindi kwa gari la nyumbu wawili. Wasomaji wetu wamekwisha kumtambua padri huyo: kila misioni imekuwa na mmoja wa namna yake. Mbele ya kanisa kuu la Santa Fe Cather alizoea kuitazama sanamu ya shaba ya Askofu mkuu Jean-Baptiste Lamy, akijiuliza ni mtu wa ginsi gani. Mwaka 1925 akapata jibu katika kitabu cha Padri Howlett, kilichopigwa chapa mule Colorado mwaka 1908, juu ya maisha ya Askofu Joseph Machebeuf, rafiki ya Lamy. Ndani yake mlikuwa habari za barua ambazo Machebeuf alimwandikia dada yake, mtawa wa Riom huko Ufaransa. Barua kwa ndugu hazijipambi. Zinataja njaa, matope, chakula kibaya, na ile asubuhi ya mwaka 1839 vijana wawili walipotoroka Riom bila kumwaga baba. Mwaka 1926 Cather akarudi New Mexico. Alipanda pia mwamba wa Acoma, ambapo Wahindi wanakaa juu kabisa na kanisa lao.

Kazi njema hiyo. Mwandishi aliyeona rangi ya udongo kwa macho yake hatuambii uwongo juu ya udongo.

Akageuza majina: Lamy akawa Latour, Machebeuf akawa Vaillant. Akageuza hata mambo: katika hadisi Vaillant anakufa kwanza, na rafiki yake anakwenda kumzika, kwa kweli Lamy alikufa mwaka 1888, Machebeuf akamfwata mwaka 1889. Hatuoni kosa. Hadisi si daftari la parokia, na ruhusa hiyo haikumwumiza mtu yeyote.

Lakini kuna Padri Antonio José Martínez wa Taos. Huyu Cather hakumgeuza jina. Amemweka kitabuni jinsi alivyoitwa, na kumfanya mtu wa tamaa: mwenyi watoto nyumbani, mwenyi kudharau useja wa mapadri. Tena msimulizi anatusimulia kwamba watu walisema yeye ndiye aliyechochea uasi wa mwaka 1847, ambao ndani yake Gavana Charles Bent aliuawa, na kwamba alipata mashamba ya Wahindi waliohukumiwa kifo, akawaacha wanyongwe.

Basi Martínez wa kweli alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1793. Alioa akiwa kijana, mke wake akafa upesi, naye akaingia seminari ya Durango, akapadirishwa mwaka 1822. Huko Taos alifungua shule, kisha akatayarisha vijana kwa upadri, na wengi wao wakapadirishwa. Alipata mashini ya kupiga chapa, akatoa vitabu vya shule na vya sala. Wakati wa uasi, watu waliowindwa walipata kimbilio nyumbani mwake. Wala hakuna baraza lililomshitaki. Ugomvi wake na Lamy ulikua hasa sababu ya zaka: askofu aliagiza kwamba asiyetoa asipewe huduma za Eklezya, Martínez akakataa kwa maandiko gazetini. Mwaka 1856 alikatazwa kazi za upadri, baadaye akatengwa. Akafa mwaka 1867 bila kupatana na askofu wake.

Hatumgeuzi kuwa mtakatifu. Padri Angélico Chávez, Mfransisko mzaliwa wa inchi ileile, aliyeandika maisha yake mwaka 1981, hafichi kwamba alikuwa na watoto, wala kwamba kiburi kilimharibu uzeeni. Lakini padri mwenyi dhambi ni neno moja, na padri aliyeuza damu ya watu ni neno lingine.

Kosa lilitoka wapi? Kwetu sisi, lilitoka katika matayarisho, si katika kalamu. Howlett alikuwa padri wa Machebeuf huko Denver, naye alimpenda. Na Machebeuf ndiye aliyetumwa Taos kusoma hukumu ya kumtenga Martínez mbele ya watu. Basi Cather alimjua mshitakiwa kwa kinywa cha aliyesoma hukumu, na masengenyo ya mjini akayaongeza juu. Yule Mfaransa alikuwa na dada wa kuzitunza barua zake. Mzalendo wa Taos alikuwa na madaftari ya ubatizo aliyoyaandika kwa mkono wake na maandiko yake ya gazetini, ambayo hakuna aliyeyafungua kwa ajili ya hadisi ile.

Wengine watatujibu: ni hadisi tu. Vema, mbona basi wale aliowapenda aliwapa majina mapya, na huyu akamwachia jina lake? Wasomaji wengi wa Cather hawajui lolote jingine juu ya Martínez. Amri ya nane haikomi kaburini, na jamaa zake bado wanaishi New Mexico. Mwaka 2006 sanamu yake ya shaba ilisimamishwa katika kiwanja cha Taos, karibu miaka 80 baada ya kitabu.

Ndugu mwanaseminari anayetayarisha hadisi juu ya mapadri wa kwanza wa kwao, tunamwomba hivi: kabla ya kuanza sura ya kwanza aandike kwenye karatasi jina la yule atakayekuwa mbaya katika kitabu chake, kisha aende kutafuta maneno ya mtu huyo mwenyewe. Asipoyapata, ambadilishe jina.

Kitabu cha Cather tutaendelea kukisoma. Kurasa za mwisho, ambapo mzee analala akingojea kifo na miaka yote ya maisha yake iko karibu naye sawasawa, tumezisoma kwa sauti usiku. Sura ya Taos tu ndiyo tunaomba isisomwe peke yake. Wenyi kujua Kiingereza waweke kando yake kitabu cha Padri Chávez.