Mlio wa Upande wa Mbele

Mwindaji anayetafuta kiwambo cha sauti cha bunduki yake huuliza kwanza urefu, uzito na kipenyo cha risasi. Anayekata miombo kwa miguu hutaka kifupi, chepesi, kisichonasa matawini. Mpiga shabaha wa uwanjani huvumilia kizito, kwa kuwa nafasi kubwa ya ndani huipa gesi mahali pa kutanukia na kupoa, na chuma kinene hustahimili joto la risasi za mfululizo. Ila kuna jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Kiwambo hushughulikia mlipuko wa gesi kwenye mdomo wa mtutu tu. Bunduki ya kuwindia hutoa karibu desibeli 160, na kiwambo kizuri huondoa kati ya 20 na 35. Risasi iendayo kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 hivi kwa sekunde, hupasua hewa njia nzima, na mpasuko huo hakuna kifaa cha mtutuni kinachoweza kuuzuia. Tena aliyeshika kitako haumfikii sana. Huwafikia walio mbele na walio kandokando ya njia ya risasi.

Ugawaji huo wa mlio, nyuma kimya na mbele kishindo, ndio ninaouona katika kitabu kimoja cha Kiswahili kilichoandikwa kabla kifaa chenyewe hakijakuwepo. Hiram Percy Maxim alipata hataza ya kiwambo chake huko Marekani mwaka 1909. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, alikuwa amekwisha kufa Unguja mwaka 1905. Maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, yalichapwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na W. H. Whiteley akayatafsiri kwa Kiingereza katika miaka ya 1950. Wanahistoria wamekichimba kitabu hiki kwa ajili ya tarehe na bei za pembe. Namna kilivyotungwa wameigusa kidogo mno.

Mwandishi huyu alifungamana na Tabora kupitia baba yake. Huyo, Muhammed bin Juma, alikaa Ituru, karibu na mji, akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Na Tabora ya misafara ilikuwa mji wa milio. Msafara haukuingia kimyakimya: watu walivaa nguo nzuri, wakapiga baragumu na ngoma, wakafyatua baruti hewani ili wenyeji wajue nani amefika na ana watu wangapi. Msafiri Burton aliingia hivyo Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, na msafiri Stanley akafanya vivyo hivyo Kwihara, karibu na hapo, mwaka 1871. Anayeishi leo Chemchem, katikati ya Tabora mjini, amesimama mahali ambapo bunduki ilikuwa hodi, kadi ya jina na majivuno kwa wakati mmoja.

Tungetegemea basi mtu aliyeyazoea hayo aandike kwa kishindo. Haandiki hivyo. Tazama pale anaposimulia vita vyake na mtawala Nsama wa Itahwa, karibu mwaka 1867, vita vilivyomfungulia njia ya utajiri. Sentensi ni fupi na zimepangwa kama daftari la mizigo: bunduki zilishindiliwa nini, wangapi walianguka papo hapo (200), wangapi kwa saa moja (zaidi ya 1,000), na kwa upande wake wamekufa watumwa wawili tu. Mlio, kama upo, umefichwa ndani ya kitenzi. Haupewi sifa wala mfano. Moshi hakuna. Mfano mmoja tu anautoa, nao ni wa mwindaji: waliokufa anawalinganisha na ndege. Mfano huo umekaa barabara, kwa ubaya wake, maana anayefyatua marisau kwenye kundi la ndege hachagui wa kumlenga, na baadaye hana la kufanya ila kuhesabu.

Nathari hii imefungwa kiwambo. Aliyeko nyuma ya mtutu anasimulia, na kwake mambo yametulia. Kisha, mahali pengine katika kitabu, mlio unatokea ghafla, na hautoki kinywani mwake. Wenyeji waliopigwa ndio wanaosema bunduki zake zinalia tip, tip, hata hazivumiliki kusikia. Yeye anaripoti tu kwamba wamesema, akaendelea na safari. Wako watu walioeleza jina hilo kwa njia nyingine, kwamba lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Huenda. Kwa msomaji wa umbo, hilo halibadilishi kitu: mwenye jina alichagua maelezo ya sikio, na sikio alilolichagua ni la adui. Alikuwa na majina mengine, Kingugwa na Mkangwanzara, yote ya kupewa. Lililomshika ni lile lililopasua hewa upande wa mbele.

Kuna atakayesema nampa mfanyabiashara ustadi asiokuwa nao, kwamba alikuwa mzee anayejibu maswali ya Brode, Mzungu wa ubalozi, na hesabu ndiyo lugha aliyoizoea. Sikubali. Mtu huyohuyo, anapofika kwenye majibizano na machifu au ugomvi na jamaa zake, huyapa maneno ya watu nafasi tele, kwa mzaha na kwa hasira. Anaujua ukelele wa maneno vizuri sana. Ukimya wake juu ya bunduki ni uamuzi, na ni uamuzi wa mtu aliyeshinda.

Ninachomlaumu kwa upande wa umbo ni wale watumwa wawili. Huenda walibeba bunduki hizo mabegani, baruti ikiwalipukia karibu na masikio yao. Kama ni hivyo, wamo nyuma ya mtutu pamoja naye, lakini kishindo kiliwafikia kizima. Wangeweza kuwa sauti ya tatu ya kisa hiki, kati ya mwenye mali na aliyepigwa. Wamepewa tarakimu moja, kabla mwandishi hajageukia pembe na shaba.