Maji ya Pingili Moja

Mchele mpya wa Kahama haupikwi kama wa mwaka jana. Mpya bado una unyevunyevu, na ukiutilia maji ya mazoea unavimba, unapasuka, unakuwa bokoboko. Uliokaa ghalani hutaka maji zaidi. Mama lishe hawezi kutegemea maneno ya dukani, kwa kuwa gunia moja huenda likawa na mavuno mawili ndani yake. Huchota kiganjani, hunusa, hutafuna punje kadhaa na kusikiliza zinavyovunjika menoni. Hapo ndipo anapojua maji ya leo yatakuwa kiasi gani. Elimu hii sijaikuta katika kitabu cha mapishi, nami naiheshimu kama ninavyomheshimu seremala anayegonga ubao kusikia kama umekauka.

Mpunga wenyewe hutoka hapohapo. Kuanzia Shinyanga hadi Geita, Wasukuma hulima majaluba, vishamba vilivyozungushiwa matuta ya udongo ili maji ya mvua yasikimbie. Juu, kwenye luseni ya kichanga, hupandwa viazi na mihogo. Chini, mbugani kwenye udongo mweusi, maji husimama na mpunga hupata mahali pake. Majaluba mengi hayana mfereji wala mto wa kutegemea. Kuna mvua, kuna tuta, na kuna mtu anayeamka usiku mvua ikinyesha kwenda kuangalia kama tuta halijabomoka.

Sasa tazama sufuria. Mchele umepetwa kwenye ungo, umechambuliwa mawe, maana jiwe moja kwenye jino la mteja lamtosha kuhamia kibanda cha jirani. Umeoshwa mpaka maji yameacha kuwa meupe. Mpishi husawazisha mchele kwa kiganja, hugusisha ncha ya kidole juu yake, na kumimina maji mpaka yafike pingili ya kwanza. Kisha moto mkali. Maji yanapokaribia kuisha, juu ya wali hutokea vishimo vidogovidogo vinavyopumua mvuke, na hicho ndicho kipindi ambacho mpishi mzuri haondoki jikoni hata akiitwa. Huyatoa makaa chini ya sufuria, huacha machache, na mengine huyapalia juu ya mfuniko. Moto wa juu na wa chini unakutana katikati ya wali. Anayeukoroga hapo ameuharibu.

Kidole hicho hicho hupima maji Manila, na hupima maji katika majiko ya nyumbani ya Vietnam. Mapishi ya Asia ya Kusini-Mashariki nimeyapenda kwa miaka mingi, na kinachonivuta kwao ni uzito wanaouweka kwenye wali wenyewe, kabla hata ya mchuzi kutajwa. Java wana desturi ya kuchemsha mchele nusu, kuutoa, kisha kuumalizia kwa mvuke katika chombo cha mianzi. Laos na kaskazini-mashariki mwa Thailand hula mchele wa kunata, ulioroweshwa na kupikwa kwa mvuke, ukafinyangwa kwa vidole na kuchovywa kwenye kitoweo. Malaysia wana nasi lemak: wali wa tui la nazi, dagaa wa kukaanga, karanga na pilipili ya kusaga. Mtu wa Tanga angeketi kwenye meza hiyo bila kuuliza chochote. Mtu wa Geita angeishangaa nazi, lakini dagaa na karanga angezitambua mara moja, maana dagaa wa Ziwa Victoria na karanga ni vitu vya nyumbani.

Undugu huu kati ya wali wetu na wa Asia una ushahidi ardhini. Mwaka 2016, wanaakiolojia Alison Crowther, Nicole Boivin na wenzao walichapisha utafiti wa mabaki ya mimea yaliyofukuliwa Afrika Mashariki, Komoro na Madagaska. Katika makazi ya visiwani ya karne ya 8 hadi ya 10 walikuta mazao ya Asia: mpunga, choroko na pamba. Mkulima wa Shinyanga akisomewa orodha hiyo atadhani anasomewa mazao ya shamba lake. Kweli, njia iliyoyafikisha kwetu ni nyingine. Bara, mchele ulizidi kujulikana karne ya 19, misafara ya pwani ilipopiga kambi Tabora, na pamba tunayolima leo ni ya asili ya Amerika. Hata hivyo mpunga, choroko na pamba, hata kama pamba ni ya aina nyingine, vimekuja kukaa tena pamoja, safari hii mbali na bahari, na jambo hilo hunifurahisha kila ninapolikumbuka.

Lakini huku kwetu mtihani wa kweli wa wali uko kwenye machimbo ya dhahabu. Pakisikika kwamba dhahabu imetoka, rashi ya watu kukimbilia huko huanza, na nyuma ya wachimbaji hufika mama lishe na masufuria yake, turubai na magunia ya mkaa. Nyarugusu, Rwamgasa, Kakola, kote huko mdundo wa makarasha, mashine za kusagia mawe, hukuambia umefika kabla hujaona kitu. Mpishi wa hapo hununua maji kwa dumu na hutaka kujua yametekwa wapi, kwa sababu kwenye mialo ya kuoshea mchanga uliosagwa dhahabu hukamatwa kwa zebaki, na zebaki haitoki kwa kuchemshwa. Pia hukopesha. Mchimbaji hula kwa daftari mpaka duara, yaani shimo la kuchimbia, litoe dhahabu, na duara linaweza kukataa kwa miezi. Mpishi hajui kama atalipwa, na bado wali wa mwenye deni hutoka sufuria ileile, umechambuka punje kwa punje, kama wa anayelipa taslimu. Sijui sifa kubwa zaidi ya hiyo kwa fundi yeyote.

Kwingineko mafundi wa aina hii hutunzwa: Singapore waliwajengea wauzaji wao wa chakula masoko maalumu yenye maji ya bomba, na mwaka 2020 UNESCO ikauingiza utamaduni huo katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Naona walifanya haki. Naona pia kwamba kati ya stendi ya Kahama na machimbo ya Geita wapo wapishi wanaostahili bomba na heshima hiyohiyo.

Wapishi wetu nao wangeweza kuchota kitu kutoka Asia. Chenga, mchele uliovunjika kinuni au mashineni, kwetu huuzwa bei ya chini. Saigon, chenga zilikuwa chakula cha maskini, leo cơm tấm, wali wa chenga na nyama ya kuchoma, ndio fahari ya mji. Na choroko! Tunazilima, tunazijaza maguniani, nyingine zinauzwa nje ya nchi. Zinazobaki twazijua kama mboga ya kulia wali. Indonesia huzichemsha mpaka zipasuke, wakazitia tui, sukari ya mnazi na tangawizi, zikaliwa asubuhi kama uji. Nazi huku ni ya kuletwa na lori, lakini Msukuma ameshazoea kula michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwa karanga, kwa hiyo maziwa ya karanga yangefaa mahali pa tui. Choroko zirowekwe usiku, zichemshwe kwa moto mdogo, karanga iliyosagwa itiwe zikishaiva ili isishike chini, na tangawizi mwisho kabisa, pamoja na chumvi kidogo.