Jamaa Waliopotea Angani

Msomaji, ziko kazi za sanaa ambazo watu huzisifu bila ya kuzipenda, na ziko nyingine ambazo watu huzipenda lakini huona haya kuzisifu. Mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Lost in Space, maana yake "Waliopotea Angani", ni wa kundi hili la pili. Wamarekani waliokuwa watoto katika miaka ya 1960 ni wazee sasa. Ukiwatajia jina la mchezo huu hucheka kwanza, kisha nyuso zao hung'aa. Nataka tuchungue kicheko hicho chatoka wapi, na mng'ao huo watoka wapi, kwa sababu havitoki mahali pamoja.

Mchezo ulianza kuonyeshwa na shirika la CBS tarehe 15 Septemba 1965, ukakoma tarehe 6 Machi 1968, baada ya sehemu 83. Mtengenezaji wake, Irwin Allen, aliichukua hadithi ya kale ya Johann David Wyss, ya jamaa ya Kiswisi waliovunjikiwa na chombo baharini, akaipandisha mbinguni. Badala ya merikebu pana chombo cha angani kiitwacho Jupiter 2, na badala ya kisiwa pana sayari isiyojulikana. Mwaka ni 1997, ambao kwa watazamaji wa siku zile ulikuwa mbali sana mbele. Profesa John Robinson, mkewe Maureen, watoto wao Judy, Penny na Will, pamoja na rubani Don West, wanatumwa kwenda kuanzisha makao mapya penye nyota ya Alpha Centauri. Adui mmoja, Dakta Zachary Smith, anaingia chomboni kwa siri ili amwamuru Roboti aiharibu mitambo safari ikiisha kuanza. Mlango unafungwa naye angali ndani. Uzito wake ambao haukuhesabiwa unakipotosha chombo, na hila yake inawapoteza wote, yeye mwenyewe akiwamo. Mchimba kisima ameingia mwenyewe, na sasa hana budi kuomba chakula kwa wale aliotaka kuwaua.

Huo ni mwanzo mwema kwa hadithi yoyote. Sehemu za mwaka wa kwanza, ambazo zilionyeshwa bila rangi, zina kiza na hofu, na ukizitazama leo zaweza kukushika. Smith wa siku hizo si mtu wa kuchekesha. Lakini mchezaji wake, Jonathan Harris, alitambua kwamba mwuaji wa namna ile hawezi kuishi miaka mingi katika nyumba moja na watoto: ama jamaa watamtupa nje, ama watazamaji watamchoka. Basi akaanza kumgeuza kidogo kidogo, hata maneno yake akawa anayaandika upya. Mwuaji akawa mwoga. Mwoga akawa mvivu, mlafi, msema hovyo, mwenye mgongo unaomwuma kila aambiwapo kushika kazi. Kila juma jina lake lilitajwa mwishoni mwa orodha ya wachezaji kama mgeni maalumu. Mgeni wa Waswahili siku ya tatu hupewa jembe. Huyu alikaa miaka mitatu na jembe hakulishika.

Wewe uliyelelewa kwa ngano za Sungura utaona mara moja jambo la ajabu katika Smith. Sungura ni mdogo na mjanja, na ujanja wake humwokoa. Smith ana ujanja vilevile, tena mwingi, lakini haumwokoi hata siku moja. Huuza siri kwa majitu ya sayari nyingine ili apelekwe nyumbani, akajikuta amefungwa yeye. Ni Sungura aliyenyimwa bahati, na pengine ndiyo sababu watoto walimsamehe upesi kuliko wazazi wao.

Mwenziwe katika vichekesho ni Roboti. Aliyemchora ni Robert Kinoshita, ambaye alikuwa amekwisha kumchora roboti mwingine mashuhuri kwa sinema ya Forbidden Planet ya mwaka 1956. Ndani ya gamba lile alikaa mtu, Bob May, akitembea na kuipunga mikono. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, Dick Tufeld, nayo ilitiwa baadaye. Kwa hiyo kiumbe mmoja alikuwa na mwili wa huyu na sauti ya yule, walakini hatari ikimkaribia Will, na mikono ile ikaanza kupepea, mtoto aliyekuwa akitazama hakukumbuka May wala Tufeld. Alimwona rafiki mwenye wasiwasi.

Sasa tuje kwenye kicheko. Januari 1966 shirika jingine, ABC, lilianza kuonyesha Batman, mchezo uliojaa rangi na mzaha wa makusudi, tena ukagongana na jamaa hawa Jumatano usiku. Mwaka wa pili Lost in Space nao ukatiwa rangi, na mzaha ukazidi. Hofu ikaondoka, yakaja majitu yenye manyoya na mavazi yaliyoazimwa kutoka michezo mingine ya Allen. Kilele chake ni sehemu iliyoonyeshwa tarehe 28 Februari 1968. Smith anachuma maua katika sayari ya mimea, na tendo hilo linahesabiwa kuwa mauaji. Anayemshitaki ni karoti. Nasema karoti, msomaji, si mtu mwenye tabia ya karoti: ni mchezaji Stanley Adams, mtu mzima, amevikwa karoti tangu utosini. Baada ya hapo Smith mwenyewe anaanza kugeuka mboga. Wachezaji wenzake walishindwa kuzuia vicheko walipokuwa wakipigwa picha, na ukitazama kwa makini waweza kuona midomo ikitetema.

Je, huo ni upungufu? Ni upungufu, bila shaka, kwa mtu anayetaka elimu ya nyota. Lakini mzaha unaojijua ni mzaha una heshima yake, na karoti ile haikumdanganya mtu yeyote. Mimi siushitaki mchezo huu kwa sababu ya karoti.

Ninaushitaki kwa sababu ya Maureen. Tunaambiwa kwamba mama huyu ni mwanasayansi aliyesoma sana. Basi anafanya nini angani? Anaandaa meza, anamimina kahawa, anatia nguo katika mashine ya ajabu inayozirudisha safi zimekwisha kukunjwa na kufungwa. Waandishi waliweza kufikiri mashine ya namna hiyo, wasiweze kufikiri mwanamke aliyeachiwa atumie elimu yake! Judy, mkubwa wa watoto, hana la kufanya ila kutembea kando ya rubani. Kadiri Smith alivyozidi kupendwa ndivyo wengine walivyozidi kupungua, hata Profesa Robinson mwenyewe akawa kama mtu aliyepita tu kuuliza habari. Na hasara yake yaonekana, kwa sababu mwaka 1965 Penny alipewa sehemu moja yake mwenyewe. Yu mpweke, wakubwa wana shughuli, pangoni anasikia sauti isiyo na mwili, akafanya nayo urafiki, na nyumbani wakadhani ni mchezo wa kitoto. Sehemu hiyo haina karoti wala jitu, ina msichana na sauti tu, nayo ni katika zilizo bora za mchezo mzima. Waandishi walijua njia, wakaiacha.

Kilichobaki mpaka mwisho ni Will. Huyu ni mtoto mwenye akili kuliko wazee wengi, ambaye anamjua Smith kuwa mwongo. Hadanganyiki. Juma hili Smith amemwuza, juma lijalo Will anarudi pangoni kumtafuta, na Roboti yuko nyuma yake akinung'unika. Urafiki huo haukuhitaji fedha nyingi wala mavazi mazuri, na Billy Mumy, mtoto aliyemwigiza Will, hakuucheza kwa mzaha hata pale wakubwa walipokuwa wakicheka. Mng'ao wa nyuso nilioutaja watoka hapo.

Mwaka 1968 mchezo ulikatwa ghafla, jamaa wasifike Alpha Centauri wala wasirudi nyumbani. Ilitengenezwa sinema mwaka 1998, na tangu 2018 hata 2021 ukaonyeshwa mchezo mpya wenye jina lile lile na picha za kupendeza mno. Humo Maureen ni mhandisi, tena ndiye anayeongoza safari. Judy ni tabibu. Na Smith ni mwanamke, mwongo wa kuogopesha kweli kweli. Shitaka langu limejibiwa lote. Hata hivyo, kila nilipomwona mwongo huyo akiingia, nilitamani mgongo wake uanze kumwuma.