Dawa ya Kupaka na Kipimo cha Kinachopenya Ngozi

Maandishi ya tyubu ya krimu inayouzwa kwa kemisti wa Thika au Ruiru hutaja kiasi cha dawa kilichomo, lakini hayasemi ni kiasi gani kitakachopita ngozini, na pengo kati ya namba hizo mbili ni kubwa. Feldmann na Maibach, walipopaka watu haidrokotisoni yenye kaboni ya mionzi na kupima mkojo wao katika utafiti wa mwaka 1967, walikuta kwamba takriban asilimia 1 tu hufyonzwa kupitia mkono, ilhali paji la uso hupitisha kama mara 6 ya hapo.

Kizuizi chenyewe ni tabaka la juu kabisa la ngozi, lenye unene wa mikromita 10 hadi 20, ambalo seli zake zimekufa na kuunganishwa kwa mafuta. Kwa kuwa tabaka hilo limekufa tayari, ngozi iliyoondolewa kwa upasuaji huendelea kuzuia dawa karibu kama ilivyofanya mwilini, na juu ya ukweli huo ndipo iliposimama chemba ya glasi ambayo Thomas Franz aliieleza mwaka 1975. Kipande chembamba cha ngozi hubanwa kati ya sehemu zake mbili, krimu ikipakwa juu, na chini yake kukiwa na maji ya chumvi yanayokorogwa na sumaku ndogo, huku uso wa ngozi ukidumishwa kwenye nyuzi 32 za Selsiasi, ambazo ndizo joto la ngozi, wala si 37 za ndani ya mwili. Kiputo kimoja cha hewa kikinaswa chini ya ngozi hupunguza eneo la kupitia na kuharibu hesabu yote. Maji hayo huchotwa kidogo kidogo kwa muda wa saa 24, kisha hupitishwa kwenye mashine ya kromatografia, yaani bomba lililojaa chembechembe ambamo kila kemikali hutoka kwa wakati wake na kupimwa kwa kulinganishwa na miyeyusho ya kiwango kinachojulikana.

Kazi haiishii hapo, ingawa ripoti nyingi huishia hapo. Dawa iliyobaki juu huoshwa na kupimwa, tabaka lililokufa hubanduliwa kwa vipande vya utepe wa gundi, na ngozi iliyosalia hukatwakatwa ili itolewe dawa iliyojificha ndani yake. Jumla ya yote, kwa mwongozo namba 428 wa mwaka 2004 wa Shirika la Ushirikiano na Maendeleo ya Kiuchumi (OECD), inatakiwa iwe kati ya asilimia 90 na 110 ya kilichopakwa. Hesabu hii ndiyo yenye uzito, kwani krimu ya ukurutu hutakiwa kukaa ndani ya ngozi, na ile inayopita kwa wingi hadi chini haistahili sifa.

Chemba, hata hivyo, haina figo. Mwaka 1972 Barr na wenzake walieleza wagonjwa 60 wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ambao figo zao zilikuwa zikivujisha protini kwenye mkojo: asilimia 53 walikuwa wakijichubua kwa krimu zenye zebaki, wakati miongoni mwa wagonjwa wengine wa hospitali hiyo watumiaji walikuwa asilimia 11. Upenyaji wa zebaki hiyo ulijulikana kwa kurudi nyuma, baada ya madhara.

Kipimo cha zamani cha krimu za steroidi kama haidrokotisoni, kilichoanzishwa na McKenzie na Stoughton mwaka 1962, hutegemea jicho kuona ngozi ikipauka, jambo ambalo ni gumu kulitambua kwenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo chemba ina faida ya pekee kwa wanafamasia wanaofundishwa Thika na Juja. Ngozi ya binadamu huhitaji ridhaa ya mgonjwa na kibali cha kamati ya maadili, na inapokosekana hutumiwa ya sikio la nguruwe, mradi sikio lichukuliwe machinjioni kabla mzoga haujatiwa maji moto ya kuondolea manyoya, maana maji hayo huharibu kizuizi kile kile kinachotakiwa kupimwa.