Historia Juu ya Gunia la Unga

Watu watatu wamelala chini, wamekufa: Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa Katanga usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Nyuma yao, kilimani, imesimama misalaba mitatu. Angani kuna nyota sita. Ubavu wa Lumumba una jeraha, na damu inayochuruzika humo inatambaa ardhini mpaka inaandika neno moja la Kifaransa: unité, yaani umoja. Mchoraji ni Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, na kitambaa alichochorea kilikuwa gunia la unga.

Tshibumba alijua fika kwamba mahali walipopigwa risasi hapakuwa na misalaba. Palikuwa porini, gizani, na baadaye maiti zilifukuliwa zikayeyushwa kwa asidi ili lisibaki hata kaburi. Yeye akawapa kilima. Nyota sita ni majimbo sita ya Kongo yaliyopata uhuru pamoja tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye Katanga, chini ya Moïse Tshombe, ikajitangazia nchi yake. Na Tshibumba, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji huohuo uliokuja kuwa makao ya Tshombe, anaiacha damu ya Lumumba iandike juu ya udongo wa Katanga neno lilelile ambalo watawala wa Katanga walilikataa. Kitabu kizima cha siasa kingehangaika kulisema hilo kwa nguvu kama hii.

Miaka ya 1970 ufundi huu ulikuwa biashara ya mtaani Lubumbashi. Gunia liliwambwa kwenye fremu ya mbao, likapakwa rangi ya kwanza, likachorwa, likaandikwa kichwa na jina la mchoraji. Picha ilitembezwa mkononi, nyumba kwa nyumba, na mnunuzi alikuwa mfanyakazi wa mgodi, karani au mwalimu, akaitundika sebuleni. Watu waliziita picha hizi ukumbusho. Kazi yake ilikuwa kuanzisha mazungumzo: mgeni anakaribishwa kiti, anainua macho ukutani, na mwenye nyumba anaanza kueleza.

Itazame Colonie belge 1885–1959, ambayo wachoraji wengi wa mji ule waliichora tena na tena. Ni ua wa gereza. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Mfungwa amelazwa kifudifudi, matako wazi, na askari mweusi ameinua kiboko. Mzungu amesimama kando na kiko chake mdomoni, anatazama. Mikono yake haigusi kitu. Wafungwa wengine, katika nguo za mistari ya njano na nyeusi, wanaendelea na kazi. Wanawake wamekuja kuwaona watu wao. Utawala wa zaidi ya miaka sabini umeingia wote katika ua mmoja: anayeamuru, anayepiga, anayepigwa, na wanaolazimika kushuhudia. Panapouma zaidi ni kwamba mkono wenye kiboko ni wa Mwafrika. Mwenye nyumba huenda alikuwa na baba aliyewahi kulala hivyo na mjomba aliyewahi kuvaa sare ile, na wote wawili huenda waliketi chini ya picha hiyohiyo. Tena mwaka 1959 ulioandikwa juu ulimkinga. Chini ya Mobutu, aliyeulizwa angejibu kwamba haya ni mambo ya zamani, ingawa kila aliyekuwa sebuleni alijua viboko havikuondoka na Wabelgiji.

Wapo wanaozidharau picha hizi kwa sababu zinarudiwa. Mimi naona kurudiwa kwake ndiko ushahidi. Familia moja baada ya nyingine ililipa fedha yake kuutaka ua uleule wa gereza ukutani kwake, na hiyo ni kura iliyopigwa juu ya historia pasipo kusimamiwa na serikali yoyote.

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha Lubumbashi. Fabian alitaka picha. Tshibumba alitaka kuchora historia yote ya nchi. Zikapatikana picha 101, kuanzia falme za kale, kupitia mgomo wa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière wa Desemba 1941 uliozimwa kwa risasi, hadi siku zijazo kama alivyoziwaza mwenyewe. Walikaa mbele ya kinasa sauti, naye akazisimulia kwa Kiswahili cha mji wake. Kitabu cha Fabian juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1996.

Kwa hiyo sisi wa Afrika Mashariki hatuna udhuru wa kuiona historia hii kuwa ya wengine. Msiri alitoka Unyamwezi, akajenga ufalme wake Bunkeya, akauawa tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Bodson wa msafara uliobebewa mizigo na wapagazi wa pwani yetu. Tippu Tip tunamsoma kwa Kiswahili chake mwenyewe, mfanyabiashara anayehesabu pembe na safari. Wachoraji wa Katanga wanatuonyesha msafara kama wa Tippu Tip kutoka upande wa waliofungwa minyororo. Mtu wa pwani anapaswa kusimama mbele ya picha hiyo bila haraka.

Mwaka 2016 jumba la BOZAR mjini Brussels lilifungua onyesho la Congo Art Works, lililoandaliwa na Bambi Ceuppens pamoja na Sammy Baloji, msanii mzaliwa wa Lubumbashi. New York ilikuwa imeonyesha picha za Lumumba za wachoraji hawa mwaka 1999, na zile 101 za Tshibumba zinatunzwa Amsterdam. Ni heshima wanayostahili. Lakini mtazamaji wa huko anasoma kibao cha maelezo, na msimulizi hayupo. Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Picha hizi zije Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, na simulizi zake zije nazo, kila picha na maneno yake. Kiswahili cha Lubumbashi kitamtatiza kidogo mtu wa Ilala mwanzoni. Kufika picha ya tatu atakuwa amekizoea, na mbele yake kutakuwa na nyingine tisini na nane.