Ukumbusho wa kampuni na ukumbusho wetu

Ukiingia mu nyumba nyingi za komine ya Kenya, ya Katuba ao ya Kamalondo, utaona mu saluni vitu vya ukumbusho vilivyotoka kwa makampuni: kalenda ya duka, glasi ya kiwanda cha bia, kitenge chenye jina la kampuni na mwaka wa sikukuu yake, na kwa wazee medali ya kazi. Kuna wenzetu wanaovikusanya kwa bidii. Hatuwacheki; sisi pia tuko na sanduku letu. Lakini tuna neno juu ya namna tunavyokusanya.

Kitu cha kampuni kinasimulia kampuni. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na 1956 ikatoa kitabu cha jubile ya miaka 50. Mwaka 1967 serikali iliitwaa, na baadaye ikaitwa Gécamines. Majina na tarehe za namna hiyo ndiyo tunayosoma juu ya chuma na juu ya nguo. Jina la mutu aliyetumika, mara nyingi halimo.

Tuangalie upande mwingine. Katika miaka ya 1970, familia za wafanyakazi wa mji huu zilinunua picha za rangi: mamba muntu, Colonie belge na nyingine. Wenyewe waliziita ukumbusho. Johannes Fabian, aliyefundisha hapa kwetu, alizichunguza pamoja na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyemchorea historia nzima ya nchi. Tunajifunza kwao kwamba thamani ya picha ilikuwa mazungumzo: mgeni anauliza, mwenye nyumba anasimulia.

Kwa kipimo hicho, mikusanyo mingi ya leo ni maskini. Mwenzetu mmoja alituonyesha medali zaidi ya 20, zimepangwa vizuri, zinang'aa. Tukauliza: "Hii ilikuwa ya nani?" Akajibu: "Nilinunuaka ku soko." Basi, mazungumzo yakaisha.

Hasara yake si ndogo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Shida iliingia mu nyumba, na kuna waliouza hata vitu vya baba. Medali ikiuzwa inabaki medali. Lakini habari za mzee zikipotea, hakuna soko la kuzinunua.

Tangu 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi wa maprofesa Bogumil Jewsiewicki na Donatien Dibwe dia Mwembu umekusanya masimulizi ya wakaaji wenyewe. Tufuate njia ile nyumbani. Kila kitu tukifungie karatasi: jina la mwenyewe, kazi yake, kambi, mwaka, na nani alisimulia. Sisi walimu tuwape wanafunzi kazi hiyo wakati wa vakansi, wazee wangali hai. Siku moja mutoto akiulizwa, "Ile medali ni ya nani?", asiseme ni ya kampuni. Ajibu: "Ni ya nkambo. Alitumikaka ku izini ya Lubumbashi. Ikala, nikuelezee."