Chensoo ya Zamani na Mpya: Anza na Sproketi

Muuzaji wa chensoo atakuonyesha rangi kwanza. Mwache amalize, kisha mwambie afungue kifuniko cha pembeni ili uione sproketi, gurudumu la meno linalozungusha mnyororo. Rangi ya machungwa na nyeupe ya kampuni ya Stihl siku hizi hupakwa na yeyote, na mashine bandia zenye umbo la Stihl zimejaa sokoni. Sproketi haipakwi rangi. Mnyororo ukiwa umeichimba nusu milimita au zaidi, hiyo imekwisha; mnyororo mpya utakaoufunga hapo utalika kabla ya wakati wake. Ukiambiwa "imetumika msimu mmoja tu", itazame tena.

Mkongwe anayeheshimiwa ni Stihl 070: injini ya sentimita za ujazo 106, uzito unaopita kilo 10 kabla hujafunga bapa, mnyororo mkubwa wa inchi 0.404. Haina mbio, ila inavuta. Hapa Liuli, kando ya ziwa, ambako bado kuna mitumbwi ya gogo moja, anayeangusha mti mnene au kupasua mninga kwa urefu anaitaka nguvu hiyo, kwa kuwa jino linazama ndani ya mti na injini haikabwi. Zile za awali kabisa zina platini, na fundi yeyote aliyezoea pikipiki za zamani anaijua: anaisafisha, anairekebisha, kazi inaendelea.

Ubaya wake nao si mdogo. Haina breki ya mnyororo. Ncha ya juu ya bapa ikigusa tawi lililojificha, mashine inaruka kumrudia aliyeishika, na hakuna uzoefu unaoshinda mwendo wa mnyororo. Halafu mtetemo: mikono inakufa ganzi kabla jua halijafika utosini. Wazee wa kazi hujisifia hilo. Mimi sioni sifa hapo.

Mpya ya kulinganisha nayo ni Stihl MS 381, ya sentimita za ujazo 72. Ni nyepesi kwa kilo kadhaa, ina breki mbele ya mkono wa kushoto, na mipini yake haishikani moja kwa moja na injini. Inazunguka kwa kasi zaidi, kwa hiyo haisamehe uzembe wa mafuta. Petroli ya kwenye chupa iliyokaa juani, ikichanganywa na oili kwa kukadiria, itaikwaruza pistoni yake upesi. Oili halisi ya Stihl huchanganywa moja kwa 50. Ya kawaida ya tu-stroki, moja kwa 25. Chukua chombo chenye alama, si kizibo.

Iwe ya zamani au mpya, toa ekzosi uchungulie. Pistoni yenye mikwaruzo ya wima imeshaungua, hata kama mashine inawaka kwa mvuto mmoja. Kisha shika flaiwili uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekufa. Vuta pia kamba polepole: mgandamizo mzuri unakukatalia, unaachia, unakukatalia tena.

Bapa lisimamishe juu ya meza bapa. Likiinama, kingo zimelika upande mmoja na kata itapinda daima. Mnyororo utalaumiwa bure. Kwa wapasuaji wa magogo yaliyoburutwa kwenye mchanga wa ufukweni, bapa la ncha ngumu isiyo na gurudumu linavumilia zaidi, na jino lenye kona ya mviringo linadumu kuliko lenye kona kali. Kona kali hukata vizuri sana, kwenye mti safi. Mvule una mawe ndani yake, chokaa iliyoganda isiyoonekana nje, na jiwe moja linatosha kuimaliza kona hiyo. Mnyororo wa 0.404 noa kwa tupa ya milimita 5.5, wa 3/8 kwa 5.2, na usisahau kipembe kilicho mbele ya kila jino: kikiachwa kirefu, mashine inatoa unga badala ya chembe ndefu, na mpasuaji anaanza kuisukuma.

Uamuzi wangu ni huu. Mpasuaji mzoefu wa magogo manene, akipata 070 halisi yenye silinda safi, ainunue, mradi asimpe kijana anayejifunza. Wengine wote, wa mashamba, kuni na nguzo, wachukue MS 381 halisi. Bandia mpya, hata ikiuzwa kwa nusu bei, iache dukani.